Mnyama Asiye na Bei: Kwa Nini Hatutaweza Kumlinda Tusiyempenda

Zitazame noti zilizomo mfukoni mwako. Noti ya shilingi 10,000 imechorwa tembo, ya 5,000 imechorwa kifaru, na ya 2,000 imechorwa simba. Sarafu ya shilingi 500 ina nyati. Walioamua kuwaweka viumbe hao hapo walitaka kuwatukuza, nami siwalaumu. Hata hivyo picha hizo zinaeleza, pengine kuliko walivyokusudia wachoraji, namna tulivyojifunza kuwafikiria wanyamapori: tumewabandika juu ya fedha kwa sababu vichwani mwetu wao ni fedha. Mtanzania wa kawaida humpokea na kumtoa simba wa karatasi kila siku ya Mungu, ilhali simba mwenye nyayo na ngurumo wengi wetu tutakufa hatujamwona.

Kila mwaka, ninapoanza somo na wanafunzi wa mwaka wa kwanza, huwauliza swali moja: kwa nini tuwalinde wanyamapori? Jibu huja haraka na kwa sauti moja, kama kibwagizo: kwa sababu wanatuingizia fedha za kigeni. Nikiuliza kama ipo sababu nyingine, darasa hunyamaza. Mmoja hutaja uwiano wa ikolojia, maneno aliyoyakariri kwa ajili ya mtihani. Mwingine hutaja vizazi vijavyo, na nikimwuliza vizazi hivyo vitanufaika nini na wanyama hao, hujibu kwamba navyo vitapata fedha za kigeni. Siwacheki vijana hawa. Wamefundishwa hivyo na vitabu vyao, na redio, na hotuba za mawaziri, na mabango ya barabarani. Ninachodai ni kwamba jibu hilo, likiachwa peke yake, linawaweka hatarini wanyama wale wale tunaodhani kwamba linawalinda.

Nianze kwa kuitendea haki hoja ya fedha. Utalii ni miongoni mwa vyanzo vikuu kabisa vya fedha za kigeni nchini, na mwaka 2019 tulipokea wageni zaidi ya milioni 1.5. Fedha hizo hulipa mishahara ya askari wa hifadhi, hununua mafuta ya magari ya doria, na katika baadhi ya vijiji vinavyopakana na hifadhi hujenga madarasa na zahanati. Wapo waongoza watalii, madereva, wapishi na wapagazi wa Mlima Kilimanjaro ambao watoto wao wanasoma kwa fedha hiyo. Anayeibeza ama ameshiba au anaigiza. Ugomvi wangu na fedha unaanza pale inapokalia peke yake kiti cha hakimu, na kila kiumbe kinapopelekwa mbele yake kuulizwa: wewe unaleta kiasi gani?

Udhaifu wa kwanza wa hakimu huyu ni kwamba hukumu yake hubadilika kwa majira. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga viwanja vya ndege duniani, wageni walishuka hadi takriban 620,000. Sasa tujiulize: katika mwaka ule, tembo wa Ruaha alipungukiwa na nini? Uzito wake ulikuwa ule ule. Kumbukumbu ya njia za maji, ambayo jike mzee huwarithisha wanawe, ilikuwa ile ile. Mbegu alizozibeba tumboni na kuzipanda mbali na mti mama ziliota kama kawaida. Lakini kwa mizani ya fedha, thamani yake ilianguka kwa zaidi ya nusu katika miezi michache, bila yeye kutenda kosa lolote, kwa sababu mtu mmoja mjini London hakupanda ndege. Wazee walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Ulinzi uliojengwa juu ya mapato ni rafiki wa wakati wa neema tu, na dunia hii haijatuahidi neema ya kudumu.

Udhaifu wa pili ni mkubwa zaidi. Ukishakubali kwamba mnyama analindwa kwa sababu ana bei, umekubali kuingia mnadani, na mnadani mwenye dau kubwa ndiye anayeondoka na mali. Jangili hakutuletea falsafa ngeni. Aliichukua hoja yetu wenyewe, akaifikisha mwisho wake. Sisi tulisema tembo ni fedha. Naye akakubali, akaongeza kwamba fedha hiyo yaweza kupatikana leo, usiku huu, bila kusubiri mtalii wa Julai. Matokeo yake yameandikwa kwa takwimu za serikali yenyewe. Mwaka 2009 nchi ilikadiriwa kuwa na tembo wapatao 109,000. Sensa ya mwaka 2014 ilikuta takriban 43,000. Katika Selous pekee, pori lililokuwa na tembo zaidi ya 100,000 katika miaka ya 1970, hesabu ya mwaka 2013 ilikuta kama 13,000. Mwaka 2014 UNESCO ikaiweka Selous katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini.

Na katikati ya maangamizi hayo, sisi kama taifa tulikuwa tukifanya nini? Mwezi Machi 2010, katika mkutano wa CITES uliofanyika Doha, Tanzania iliomba ruhusa ya kuuza karibu tani 90 za pembe za ndovu zilizokuwa ghalani. Ombi likakataliwa. Mwezi Novemba mwaka huo huo, zaidi ya wanyama hai 100, wakiwamo twiga 4, walipakiwa kwenye ndege katika Uwanja wa Kimataifa wa Kilimanjaro na kupelekwa Qatar kinyume cha sheria. Twiga, mnyama wetu wa taifa! Wapo waliojaza fomu, wapo waliofungua mageti, wapo waliosaidia kupakia. Sidhani kwamba watu hao walikuwa mashetani. Nadhani walikuwa watu waliolelewa kama tulivyolelewa sote, wakijua kwamba twiga ni bidhaa, na bidhaa huuzwa.

Biashara hii ina mizizi mirefu. Katika karne ya 19 misafara ya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, ilivuka Ziwa Tanganyika ikitafuta pembe. Pembe hizo zilipitia Zanzibar, na nyingi ziliishia katika viwanda vya Connecticut, huko Marekani, zikawa vibao vya piano. Mwaka 1896, gavana wa Kijerumani Hermann von Wissmann alitoa amri za uwindaji zilizoweka leseni na maeneo ya akiba. Tangu hapo mzungu mwenye bunduki na leseni akaitwa mwindaji, na mwenyeji mwenye upinde akaitwa jangili. Ni vema tukumbuke hili kila tunapoambiwa kwamba Mwafrika hajui kupenda wanyama. Kwa vizazi kadhaa aliambiwa kwamba wanyama hao ni wa mtu mwingine, na ni vigumu kupenda kitu unachopigwa kwa kukigusa.

Udhaifu wa tatu ni kwamba hakimu wetu hana macho ya kuwaona viumbe wengi. Mtalii huja na orodha yake: simba, chui, tembo, faru, nyati. Nani atalipa dola kumtazama tai akila mzoga? Lakini tai ndiye bwana afya wa mbuga. Huko India, katika miaka ya 1990, tai walikufa kwa wingi baada ya kula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa kwa dawa iitwayo diklofenaki. Zaidi ya asilimia 95 ya jamii kadhaa za tai wakatoweka. Mizoga ikaachiwa mbwa wa mitaani, mbwa wakaongezeka, na kichaa cha mbwa kikapata njia. Hapa kwetu majangili hutia sumu kwenye mizoga ili tai wasizunguke angani na kuwaonyesha askari mahali tembo alipoangushwa. Tai anakufa kwa sababu ni shahidi. Na kwa kuwa hana bei, msiba wake hauna matanga.

Mkumbuke pia chura wa Kihansi. Aligunduliwa mwaka 1996 katika maporomoko ya Mto Kihansi, kiumbe mdogo asiyefika sentimita 3, mwenye rangi ya dhahabu, anayezaa watoto badala ya kutaga mayai. Makazi yake yote duniani yalikuwa eneo la hekta chache tu lililolowanishwa na mvuke wa maporomoko. Bwawa la umeme lilipoyazuia maji mnamo mwaka 2000, mvuke ukakatika, na ugonjwa wa ukungu ukamalizia kazi. Mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Aliokolewa kwa sababu vyura wapatao 500 walikuwa wamechukuliwa mapema na kutunzwa katika bustani za wanyama za Marekani. Mwaka 2010 baadhi ya wazao wao wakarejeshwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Siupingi umeme; naandika makala haya kwa umeme. Nakumbuka tu jinsi habari ile ilivyopokelewa vijiweni na hata katika kumbi za wasomi: kicheko. Chura! Wameharibu fedha kwa ajili ya chura! Kicheko kile kilinionyesha kwamba hatuna lugha ya kuzungumzia kiumbe ambacho hakiliwi, hakiuzwi na hakipigwi picha.

Na kweli, tuitazame lugha. Kiswahili kimeweka mnyama na nyama katika mzizi mmoja, kana kwamba kumtaja ni kumtia chunguni. Binadamu akimchinja binadamu mwenzake, tunasema ametenda unyama, ingawa hakuna mnyama aliyewahi kuendesha biashara ya watumwa wala kupanga mauaji ya kimbari. Mlafi tunamwita fisi. Bundi akilia juu ya paa, watoto hutumwa kumpiga mawe, kwa kuwa tumemfanya mjumbe wa mauti. Panya anaotuondolea hatuwahesabu. Kima wa Unguja mwenye mgongo mwekundu, asiyepatikana porini popote duniani nje ya visiwa vyetu, tumempa jina la kima punju, jina lenye sumu ndani yake. Sisemi tuifute lugha. Nasema mtoto hujifunza dharau kabla hajajifunza kusoma, kisha tunamtaka, akiwa na miaka 20, awe mlinzi wa bayoanuai.

Hatukuanza hivi. Mwezi Septemba 1961, miezi michache kabla ya uhuru, Mwalimu Nyerere alitoa Tamko la Arusha kuhusu wanyamapori, ambalo lisichanganywe na Azimio la mwaka 1967. Tamko lile lina sehemu mbili. Linataja kwanza kwamba viumbe hawa ni chemchemi ya mshangao na msukumo wa roho, kisha linataja kwamba ni sehemu ya maliasili na riziki yetu. Najua Mwalimu hunukuliwa mara nyingi akikiri kwamba yeye binafsi hakuvutiwa sana na wanyama, na kwamba alitarajia wawe chanzo cha mapato baada ya almasi na mkonge. Pengine ndiyo maana sehemu ya pili ya tamko ilipata wizara, mamlaka, bajeti na vitalu vya uwindaji, na ile ya kwanza haikupata hata kipindi kimoja katika ratiba ya shule. Kwa zaidi ya miaka 60 tumekuwa tukitembea kwa mguu mmoja, kisha tunashangaa kwa nini tunachechemea.

Hapa najua nitajibiwa kwa ukali, na majibu hayo yanastahili kusikilizwa.

Jibu la kwanza litasema kwamba mapenzi ya wanyama ni anasa ya walioshiba. Mhadhiri anaweza kumpenda tembo kwa kuwa tembo hali mahindi yake. Hoja hii ni nzito. Mkulima wa kandokando ya Mikumi au Serengeti hukesha shambani akipiga madebe, na asubuhi huweza kukuta msimu mzima umekanyagwa. Kanuni za mwaka 2011 zilimwekea malipo yaitwayo kifuta jasho, na kwa aliyefiwa, kifuta machozi cha shilingi 1,000,000. Milioni moja kwa baba wa watoto watano! Hata viwango vinapoongezwa, majina yenyewe yanasema ukweli: serikali inafuta, hailipi. Kumtaka mtu huyu ampende tembo huku sisi wa mijini tukichangia maneno tu ni uonevu wa wazi.

Lakini tazama hoja hiyo inatupeleka wapi. Mkulima yule hakusalitiwa na mapenzi. Alisalitiwa na hesabu ile ile ninayoilaumu, ambayo faida yake huenda Arusha na Dodoma, na hasara yake hubaki kijijini. Kama kweli taifa lingempenda tembo, lingeona aibu kumwachia mkulima mmoja gharama za mapenzi ya watu milioni 60. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 inasema wanyama ni mali ya umma, iliyowekwa mikononi mwa Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Basi na hasara ya mali hiyo iwe ya umma. Ng'ombe haelemewi na nunduye, walisema wahenga; lakini nundu ya taifa zima hatuwezi kuibandika kwenye mgongo wa ndama mmoja.

Wala si kweli kwamba maskini hapendi. Misitu ya kaya ya Wamijikenda, pwani ya Kenya, ililindwa kwa miiko ya wazee kwa karne nyingi kabla UNESCO haijaitambua mwaka 2008, na hadi leo imehifadhi mimea adimu iliyokwisha kutoweka maeneo jirani. Wasukuma walikuwa na ngitili, malisho yaliyofungwa ili yapumue. Mradi wa HASHI ulipoanza Shinyanga mwaka 1986, ulifanikiwa kwa sababu ulifufua maarifa hayo ya wenyeji, na mamia ya maelfu ya hekta yakarudi kuwa kijani. Katika Buganda kila ukoo una muziro wake, mnyama au mmea ambao mwanaukoo hali, kwa kuwa ni kama ndugu. Hao hawakuwa matajiri. Walikuwa na jambo ambalo sisi tumelipoteza: walijua kwamba vipo vitu ambavyo havimo sokoni.

Ukitaka mfano wa siku zetu, nenda Pemba. Popo mkubwa wa kisiwa hicho haishi porini mahali pengine popote. Aliwindwa kwa ajili ya kitoweo hadi mwishoni mwa miaka ya 1980 wataalamu wakahofia kwamba anatoweka. Kisha vijiji vikaanzisha vikundi vya kumlinda; watoto wakafundishwa shuleni; wazee wa mahali kama Kidike wakaamua kwamba miti ambamo popo hulala haitaguswa. Ndani ya miaka isiyofika 20 hesabu yake ilipita 20,000. Ni kweli kwamba mgeni anayefika Kidike hulipa kiingilio kidogo. Lakini hakuna mtu aliyetajirika kwa popo, na meli za watalii hazitii nanga Pemba kwa ajili yake. Watu walijifunza kujivunia kiumbe chao, wakamwonea uchungu. Kazi ambayo soko lisingeifanya, ilifanywa na fahari ya kijiji.

Jibu la pili litasema kwamba mapenzi hayazuii risasi; zinahitajika sheria, doria na magereza. Nakubali kwamba zinahitajika. Mwaka 2019 mahakama ya Kisutu ilimhukumu Yang Fenglan, mfanyabiashara wa Kichina, kifungo cha miaka 15 kwa biashara ya pembe za ndovu, na sina chozi la kumwagia hukumu hiyo. Lakini nguvu isiyo na mapenzi tumekwisha kuijaribu. Operesheni Tokomeza ya mwaka 2013 ilianzishwa ili kuwaokoa tembo. Iliishia katika ripoti ya kamati ya Bunge iliyojaa mateso, vifo na mifugo iliyouawa, na mwezi Desemba mwaka huo mawaziri wanne wakapoteza nafasi zao. Wananchi waliopigwa na walinzi wa tembo watawezaje kesho kumpigia simu askari na kumwambia kwamba wamesikia risasi bondeni? Na bila simu hiyo, hifadhi yenye ukubwa wa nchi nzima za Ulaya italindwa na nani? Kila kesi kubwa ya ujangili inahitaji mtu mmoja, mahali fulani, aliyeamua kusema. Mtu huyo hasemi kwa sababu ya pato la taifa.

Jibu la tatu ndilo linalonigusa zaidi. Litasema kwamba tumeona mapenzi ya wanyama, na yalikuja na matangazo ya kuwahamisha watu. Wamasai walitolewa Serengeti mwaka 1959 na kupewa Ngorongoro. Na katika miaka hii wengi wao wamehamishiwa Msomera, Handeni, kwa jina la hiari, huku Loliondo mwaka 2022 ikishuhudia mabomu ya machozi na damu. Anayepinga anaambiwa hawapendi wanyama. Nami nasema: kuongezeka kwa watu na mifugo Ngorongoro ni jambo la kweli, linalohitaji mazungumzo ya kweli. Lakini mapenzi yanayomwona nyumbu na yasimwone mama anayefunga virago ni mapenzi ya picha. Wanampenda mnyama wa kwenye fremu, aliyesafishwa asiwe na jirani. Jamii iliyoishi na simba kwa miaka mingi bila kuwamaliza haiwezi kuwa mwanafunzi wa kwanza katika darasa la kupenda. Pengine ingefaa kuwa mwalimu.

Basi mapenzi ninayoyatetea ni yapi? Nitayaeleza kwa mfano mmoja. Jane Goodall alipofika Gombe mwezi Julai 1960, hakuwa na shahada. Aliwatazama sokwe, akawapa majina badala ya namba. Wanazuoni walipomsikia, walimkemea: namba ndiyo sayansi, jina ni hisia. Lakini ni huyo mwenye majina aliyeona, mwaka huo huo, sokwe akitengeneza kijiti na kuvulia mchwa, jambo lililowalazimisha wataalamu kuuliza upya mtu ni nani. Aliona kwa sababu alitazama kwa muda mrefu, na alitazama kwa muda mrefu kwa sababu alijali. Mapenzi hayakuyapofusha macho yake, yaliyafungua. Kwangu mimi kupenda maana yake ni huko: kukijua kiumbe kwa jina lake na tabia yake, kukiruhusu kiwepo hata kisipokufaa, na kukubali kupungukiwa na kitu ili kiendelee kuwepo.

Mapenzi ya namna hiyo hufundishwa, na samaki hukunjwa angali mbichi. Kwa hiyo sitamaliza kwa kuomba watu wajisikie vizuri. Nitaomba mambo matatu. Kwanza, mitaala yetu iwafundishe watoto majina ya ndege, wadudu na miti ya mahali wanapoishi, kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani. Mtoto wa Mbagala anayeweza kutaja wachezaji wote wa Simba, na kuishangilia timu yake kwa jina la Mnyama, anaweza pia kumtambua zumbulu, chozi na kozi. Hilo halihitaji basi la kwenda Serengeti. Linahitaji mwalimu aliyeruhusiwa kutoka nje ya darasa. Pili, halmashauri na hifadhi ziweke siku ambazo wanafunzi wa vijiji jirani huingia bure, kwa gari la hifadhi, wakiongozwa kama wageni wa heshima. Ni aibu kwamba mtoto wa Munich anamjua tembo wa Tarangire kuliko mtoto anayemfukuza kwa debe. Tatu, Bunge liviondoe vifuta jasho na vifuta machozi, na mahali pake liweke fidia kamili, ilipwe ndani ya msimu huo huo, itokane na mapato ya utalii kabla hayajagawanywa kwingine. Taifa linalodai kupenda lilipe deni la mapenzi yake.

Kwa wenzangu walimu wa vyuo vikuu nina neno moja la nyongeza. Tumekuwa mafundi wa kuandika andiko la mradi linalomgeuza kila kiumbe kuwa huduma ya ikolojia yenye thamani ya dola kadhaa kwa hekta, kwa kuwa wafadhili husikia lugha hiyo. Tuendelee kuiandika panapolazimu. Lakini tunaporudi darasani tusiwafiche vijana kwamba hesabu hiyo ni mkalimani tu, tuliyemwajiri ili kuzungumza na watu wasiojua lugha nyingine. Tuwaambie kwamba faru alikuwepo kabla ya shilingi, na kwamba siku akitoweka hakuna noti itakayomrudisha. Swali langu la mwaka wa kwanza nitaendelea kuliuliza, na nitangoja mwanafunzi atakayesimama na kusema, bila kuona haya, kwamba tumlinde kwa sababu yupo.